Nyaya Sambamba Juu ya Nyumba ya Mama

Vijana wangu, kila Jumamosi mnapokuja kwenye chumba cha kompyuta nyuma ya kanisa, hapa mtaa wa Himbi, Goma, hakosi mmoja wenu wa kuniuliza: "Mwalimu Masika, ni kweli ulikuwa unatengeneza kompyuta kule Ubelgiji?" Nikijibu hapana, naona uso unaanguka. Nimeamua kujibu kwa maandishi. Kwanza, nipate kumaliza sentensi zangu bila kukatizwa. Pili, hadithi yenyewe ina mama yangu ndani, na kila nikiisimulia mbele yake ananisahihisha.

Sikutengeneza kompyuta. Nilichora. Ndani ya simu mnayoishika chini ya meza mkidhani sioni, kuna vipande vidogo vya silikoni, kila kimoja kama ukucha. Tunaviita chipu. Ukikitazama kimoja kwa darubini unaona mji: mitaa, maghala, vichochoro, na nyaya za umeme zinazopita juu ya paa zote. Wenzangu ndio walioamua mji ule ufikiri nini. Mimi nilipanga nyumba ipi ikae wapi, na nikahakikisha taa zinawaka.

Mji huo una majengo ya aina mbili. Kuna vibanda vidogo sana, mamilioni, vya kimo kimoja, vimepangwa mistari kama vibanda vya soko. Hivyo programu inavipanga yenyewe, wewe unasimamia tu. Halafu kuna majengo makubwa yanayokuja yamekwisha kujengwa na watu wengine, kwa mfano ghala la kumbukumbu. Jengo la namna hiyo linaitwa makro ngumu. Ni ngumu kwa sababu huruhusiwi kuifungua. Huondoi ukuta, husogezi dirisha. Unaiweka mahali, unaigeuza ukipenda, unaiunganisha na umeme, basi.

Mtu wa Goma haelezwi hilo mara mbili. Tangu kabla ninyi hamjazaliwa, sisi wa mtaa wa Katoyi tunaishi kwenye nyumba za mbao juu ya jiwe jeusi la lava za zamani, na nyumba ya mbao haina mizizi. Mtu akihama kiwanja, anahama na nyumba. Wanaitwa wanaume kumi na wawili, wanapitisha miti chini ya kuta, wanahesabu, wanainua. Nimeona nyumba ikivuka barabara ya Katoyi, pikipiki zimesimama pande zote mbili zikiipisha. Nilipofika Ubelgiji na kuambiwa kuna majengo yasiyofunguliwa ila yanabebwa mazima, niliona kama nimefika nyumbani.

Kujua hakukunizuia kukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga makro nne karibu karibu ili kubana nafasi, nikaacha vichochoro vyembamba katikati. Programu ikaona nafasi, ikajaza vibanda humo. Lakini nyaya kubwa za umeme zilikuwa zimeachana kuliko upana wa vichochoro vyangu, na hakuna hata mmoja uliopita juu yake. Vile vibanda vilikaa kama wageni wa harusi waliowekwa nyuma ya jiko: muziki wanausikia, sahani haiwafikii.

Mkuu wetu aliitwa Joris, mtu mrefu asiyesema maneno matatu kama mawili yanatosha. Hakunigombeza. Alichapisha mchoro wangu kwenye karatasi kubwa kama kitanda, akaniwekea penseli nyekundu juu yake.

"Paka umeme," akasema.

Nilipaka nyaya zote kwa mkono, siku mbili, wenzangu wakipita na vikombe vyao vya kahawa wakinitazama kama mtoto aliyeadhibiwa. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, penseli ikafika kwenye kichochoro ikakosa pa kupita. Joris alikuwa anajua tangu mwanzo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Programu itakwambia. Penseli itakuonyesha."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote niliyomsikia akitoa. Kwa hiyo nanyi, kabla ya kuweka makro mbili jirani, pimeni nyaya za umeme zimeachana kiasi gani. Kichochoro kiwe kipana cha kupitisha walau jozi moja, waya wa kuleta umeme na mwenzake wa kuurudisha. La sivyo, kifungeni kabisa, kibanda kisiingie. Kosa hili ni la kawaida, msilie mkilifanya. Mimi nililia na halikusaidia.

Sasa nipeni uvumilivu wa aya moja, maana hadithi yote imesimama juu yake. Nyaya za umeme kwenye chipu zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa. Za ghorofa moja zote zinakwenda mashariki na magharibi. Za ghorofa inayofuata juu zote zinakwenda kaskazini na kusini. Pale waya wa juu unapokatana na wa chini, unashusha kijiti cha chuma kinachoziunganisha. Wataalamu wanakiita via, mimi nakiita msumari. Makro ngumu inakuja na nyaya zake tayari juu ya paa. Wewe unapitisha za kwako juu yake kwa kuzivuka, na kila zinapokatana unapiga msumari. Ni jambo rahisi, na ndiyo maana nilikosea nikiwa na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini.

Niliondoka Goma waasi wa kwanza walipoingia. Nilikuja likizo mara moja, waasi wengine wakaingia nami nimo. Siku hiyo nilikuwa kwenye mkutano wa kazi kwa kompyuta, na mlio mkubwa wa bomu ukapita juu ya paa.

"Ni nini hiyo?" Joris akauliza.

"Mlango," nikasema.

Ulipopita wa tatu akasema, "Milango mingi," akaahirisha mkutano. Hawa wa mwisho walipoingia nilikuwa nimekwisha kustaafu, hivyo hawakunikuta kazini.

Baba yangu alipofariki, mama alibaki peke yake Katoyi. Nilimpeleka Ubelgiji. Alikaa majuma matatu akasema anarudi, kwa sababu kule hakuna mtu wa kugombana naye. Nikamwomba Joris nifanye kazi nikiwa Goma. Michoro ingebaki kwenye mashine zao kule, mimi ningeitazama na kuichora kupitia kompyuta yangu. Nilihitaji mtandao na betri tu. Wenzangu hawakuamini. Joris akanipa jaribio: sehemu moja ya chipu, yenye ghala moja la kumbukumbu ndani yake, ikabidhiwe Ijumaa fulani jioni, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinachukua michoro siku hiyo. Kipimo cha mwisho wangefanya wao kule.

"Kosa moja," akasema, "ndege moja."

Maana yake ilikuwa wazi. Wakikuta kosa, narudi kwenye meza yangu Ubelgiji, na mama anabaki Katoyi na redio yake.

Nikapanga nyumba hapa Himbi kwa sababu ya mtandao, na kila siku nikimaliza kazi nilikwenda kwa mama kwa miguu. Kazi ilikwenda vizuri. Lilikuwapo jambo moja dogo. Ghala la kumbukumbu lina upande mmoja wa kupitishia habari, tuuite mlango. Mlango ule ulikuwa unatazama ukuta, na nyaya za habari zikawa zinazunguka safari ndefu kumfikia jirani anayehitaji hizo habari. Nikaligeuza ghala robo duara. Mlango ukamtazama jirani, nyaya zikawa fupi, mchoro ukapendeza. Nikaiuliza programu kama kila jengo limeunganishwa na umeme. Ikajibu: limeunganishwa. Nikanywa chai.

Juma la kukabidhi likakaribia. Jumamosi ya kuliingia, mlima wetu wa volkano ukafunguka.

Lava haikufika kwetu safari hiyo, lakini ardhi ilitikisika siku baada ya siku, na Jumatatu ufa ukapita chini ya jiko la mama. Upana wake ulimeza kijiko. Mama alisikitikia kijiko. Jumanne wanaume kumi na wawili wa mtaa wakaja kuibeba nyumba kuipeleka upande wa pili wa kiwanja.

"Mama, toka ndani," nikamwambia.

"Nitoke niende wapi? Hii ni nyumba yangu, miye niko ndani yake."

Hakutoka. Nyumba ile haina sakafu, kwa hiyo ilipoinuliwa mama alitembea humo humo, na sisi wa nje tuliona miguu yake chini ya ukuta, ndala za bluu, ikienda hatua kwa hatua na wabebaji. Mkononi alikuwa na sufuria ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

"Mama Masika, nyumba inakuwa nzito," mmoja akalalamika.

"Miye natembea na miguu yangu. Kama ni nzito, ni uvivu yako."

Walipofika mahali pa kushusha, sauti ikatoka ndani: "Bageuze mulango."

"Ugeukie wapi, Mama?"

"Kushoto. Miye sitaki Mama Furaha akuwe anaangalia sufuria yangu kila siku."

Mama Furaha ni jirani. Alikuwa amesimama pale pale akiangalia sufuria. Wanaume wakageuza nyumba robo duara, wakaishusha, miguu ya mama ikapotea, na kila mtu akafurahi.

Isipokuwa redio. Kesho yake asubuhi redio ya Mama Furaha ilikuwa inaongea, ya mama ilikuwa kimya, na siku hizo watu wote walitaka kusikia mlima umeamua nini. Mama akamwita Muzee Hamuli.

Niwaeleze Muzee Hamuli. Ni mtu wa Masisi, fundi umeme wa mtaa, mwembamba, koti lake limejaa vibanio vya chuma hata akitembea analia kama mbuzi mwenye kengele. Alijua nyumba za Katoyi zinahama, kwa hiyo alibuni utaratibu wake. Laini yake ya umeme, nyaya mbili, ilipita juu ya paa za mtaa mzima sambamba na barabara. Na kila nyumba aliifungia nyaya mbili juu ya paa kutoka mbele hadi nyuma, kwenye vipande vya mbao ili zisiguse bati. Nyumba ikiletwa, popote itakaposhushwa, nyaya zake zinapita chini ya laini. Pale zinapokatana anabana kibanio, kazi imekwisha. Hata ukiigeuza nyumba mbele nyuma, bado zinakatana. Sijaona utaratibu mzuri kama huo hata Ulaya.

Alikuja na daftari lake.

"Kwa kaye yangu," akasema akilifungua, "nyumba ya Mama Masika iko na courant, umeme iko. Angalia, alama."

"Basi kamata hiyo kaye," mama akamwambia, "uichomeke kwa prise, inisomee habari."

Muzee Hamuli akaniomba nishike ngazi. Akapanda. Mara akaanza kucheka peke yake kule juu.

"Muzee, kuko nini?"

"Kuja uone. Hapana, shika ngazi, nitakuambia. Laini yangu inaenda hivi. Nyaya za mama yako nazo zinaenda hivi hivi. Ziko pamoja, ziko karibu, lakini hazikatani. Ni kama batu wawili bamekosana, banatembea njia moja, hakuna anayesalimia mwenzake. Kibanio nitaweka wapi?"

"Na alama kwenye kaye?"

"Ile niliandika asubui mbele ya kupanda. Batu walishaniambia nyumba imeletwa. Nikianza kuandika huku juu ya mabati, kalamu inaanguka."

Nilisimama pale nikiwaza, oh, kumbe ni kwa sababu nyumba imegeuzwa robo. Halafu nikawaza tena: imegeuzwa robo. Kama ghala langu. Nikaachia ngazi.

Sikuiangusha, mama anapenda kusema niliiangusha. Niliiachia, nayo ikateleza yenyewe. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, na nyuma yangu nikasikia Muzee Hamuli akiita kutoka juu ya paa, "Mama, na miye?" na mama akimjibu, "Kaa hapo, ukuwe unaandika."

Himbi nilifungua kompyuta na kulikuza ghala langu mpaka likajaa kioo. Nyaya za paa lake zilikuwa zinakwenda kaskazini na kusini. Nyaya zangu juu yake, kaskazini na kusini. Hakuna hata msumari mmoja. Ghala zima lilikuwa giza, na programu imeandika limeunganishwa.

Hapa nisikilizeni kwa makini, maana hili ndilo ninalotaka mrudi nalo nyumbani. Programu haikudanganya. Niliiuliza kama ghala lina jina kwenye orodha ya wanaopata umeme, na jina lilikuwapo. Sikuiuliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Ni maswali mawili tofauti, yanapimwa kwa vipimo viwili tofauti. Nilikuwa hata na ramani ya rangi inayoonyesha umeme unalegea wapi, na ghala langu lilikuwa kijani kizuri. Kwa nini? Waliolijenga hawakunipa maelezo ya kiasi cha umeme linachokula, hivyo programu ikalihesabu kama nyumba isiyokula kitu. Mtu asiyekula hawezi kulalamika njaa. Ukiona kijani mahali panapotakiwa pawe na jasho kidogo, usishangilie. Uliza.

Kipimo cha mwisho kule Ubelgiji kingelikamata kosa hilo. Kingenikamata mimi pamoja nalo.

Nililirudisha ghala kama lilivyokuwa. Kisha nikalipindua kushoto kulia, kama picha ndani ya kioo, kwa sababu ukipindua hivyo nyaya za paa hazibadili uelekeo, ila mlango unahamia upande mwingine. Mlango haukumtazama jirani, lakini angalau haukutazama ukuta. Nikaiachia programu izipange upya nyaya zote za habari kuzunguka pale. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, inafanyika yenyewe kule kwenye mashine zao. Nikaanza kusubiri. Alhamisi asubuhi amri ikatoka kwamba mji wetu uhame, volkano inaweza kutokea chini ya miguu yetu.

Mlioikimbia siku ile mnaikumbuka barabara ya Sake, sina haja ya kuichora. Kompyuta niliifunga mgongoni kwa kitenge, mikono yangu ibaki huru kumshika mama. Karibu na Mugunga mwanamke mmoja akatembea nasi kidogo, akanigusa bega.

"Mutoto ana miezi ngapi?"

"Ana miaka mitatu," nikasema, maana ndio umri wa kompyuta.

"Na bado unamubeba," akasema, akatikisa kichwa, akatupita.

Mama alikataa kuendelea hadi Sake. Tulitua kwenye uwanja wa shule, Mugunga, pamoja na nusu ya Katoyi. Na nani tunamkuta pale, Muzee Hamuli. Alikuwa amekimbia na chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na juu ya chukudu kuna betri mbili za gari, nyaya, na vibanio vyake vyote. Nguo, hakuna. Mke wake alikuwa ameketi ng'ambo ya uwanja, amempa mgongo kwa sababu hiyo. Ijumaa asubuhi watu wa uwanja mzima walikuwa wamejipanga mbele ya Muzee na simu zao za kuchajiwa.

"Muzee," nikamwambia, "nisamehe kwa habari ya ngazi."

"Ngazi gani? Nilishuka kwa bega ya Mama Furaha." Akaitazama kompyuta yangu. "Inaomba kula?"

Akaibana kwenye betri kabla ya simu yoyote. Manung'uniko yakaanza. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari akauliza, "Huyu juu ya nini anatupita?"

"Huyu," Muzee Hamuli akasema taratibu, "iko na nyumba kubwa Ulaya, walisahau kuifunga courant, na wenyewe banahamia leo."

Mstari mzima ukanihurumia. Kuna aliyeniletea jiwe la kukalia.

Kwa mtandao wa simu yangu nikaona programu imemaliza. Nikarudia kipimo cha majina: limeunganishwa. Nikafanya kile cha chuma kugusa chuma: safi. Lakini sikuiamini tena hata salamu yake. Nikalikuza ghala, nikaanza kupita msumari mmoja mmoja kwa macho, kama siku zile za penseli nyekundu. Mama akasogea.

"Unahesabu nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa nyumba yake mwenyewe na kibanio cha Muzee Hamuli, na mwanamke ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliwaambia watu kwamba mwanawe "iko katika mambo ya umeme" akaelewa kazi yangu kwa dakika nne. Akaweka kidole kwenye kioo. Kilikuwa na mafuta ya karanga.

"Hapa kuko. Hapa kuko. Hapa kuko. Enda mbele. Hapa kuko." Tulikwenda hivyo muda mrefu. Mara akasimama. "Hapa hakuko."

Nikakuza zaidi. Lilikuwa ganda la karanga, limekwama kwenye kioo.

Alasiri nikaandika kwamba kazi iko tayari. Betri ya kwanza ikafa, Muzee Hamuli akahamishia ya pili. Tulisubiri. Mama alikuwa amenishika kitenge kwa ncha, sidhani kama alijua. Kabla jua halijashuka jibu la Joris likaja.

"Tumepima. Hakuna kosa. Uko wapi?"

"Uwanja wa shule nje ya mji. Mlima."

"Baki."

Nikalitazama neno lile. Baada ya dakika mbili ukaja ujumbe mwingine, mrefu kupita desturi yake: "Nilitaka kusema baki Goma. Siyo kwenye uwanja."

Baadaye aliniuliza niligunduaje, maana kosa hilo alishawahi kulifanya mwenyewe akiwa kijana, na likawapita watu wanne. Nikamwandikia habari ya sufuria, ya miguu chini ya ukuta na ya daftari. Kwenye orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kukabidhi mchoro, akaongeza mstari: Mlango wa Mama. Mbele yake akaweka kisanduku cha kutia alama. Nikamwomba akiondoe kisanduku, aweke nafasi tupu ambapo mtu ataandika alichokiona kwa macho yake. Nasikia wahandisi wapya kule bado wanauliza huyo mama ni nani.

Tuliporudi Katoyi, nyumba ilikuwa pale pale, imepinda. Muzee Hamuli akaja na wanaume, tayari kuigeuza irudi sawa na nyingine. Mama akasimama mlangoni.

"Haigeuzwe."

"Mama," nikamwambia, "tukiigeuza robo nyingine kushoto, Mama Furaha atakuwa nyuma ya nyumba. Hawezi kuona sufuria."

"Sikusema habari ya sufuria."

"Ulisema. Wote tulisikia."

Akatazama barabara. Ndipo nikaona mlango ule ulikuwa unaelekea wapi. Ulitazama moja kwa moja njia inayotoka Himbi, ile niliyopita kila siku nikimaliza kazi, na mtu akiketi ndani kwenye kiti chake anaiona hadi kwenye kona.

Muzee Hamuli akachukua ngazi. Alipanda, akafunga nyaya mbili fupi za kukatisha juu ya paa, moja kwa kila waya, vibanio vinne badala ya viwili. Kwenye chipu yangu sheria za kiwanda hazikuruhusu ujanja huo, ndiyo maana nililirudisha ghala. Sheria za kiwanda hazijakutana na mama yangu. Aliposhuka akaandika kwenye daftari lake, mara hii baada ya kushuka, na redio ikaanza kuongea.

Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, simu mkononi, namsomea mama ujumbe wa Joris kwa mara ya tatu. Kwamba sirudi. Kwamba nabaki.

"Nimesikia," akasema. "Kama unabaki, toka hapo mulangoni, unaniziba."

"Nakuziba nini, Mama? Uliyekuwa unamwangalia si ni mimi? Niko hapa."

"Najua," akasema, akanisogeza kando kwa mkono, akaketi akitazama njia. "Nimeshazoea."